Mashine Mbili za Mzee Sumaku

Nyumbani
3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo na yule mke mwenzangu mdogo, mjukuu wangu, ambaye nasikia ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayembeba. Mwache aendelee. Katika ukoo huu asiye na meno haonwi. Sisi huku hatujambo. Mvua imegoma. Lile paa la jikoni ulilosema limebakiza mwaka mmoja, bado limebakiza mwaka mmoja. Mama yako mdogo, hapo jirani, amehamishia cherehani yake barazani kwake, anasema ni kwa ajili ya mwanga. Mwanga gani, mwanangu? Anataka kuona nani kapita na nani na amebeba nini.

Usinicheke kwa mwandiko, shule na mimi tuliachana mapema bila ugomvi. Na ujue kwamba baba yako ndiye anayezipeleka barua zangu posta, na kabla ya kuzifunga anazipekua kama askari wa geti. Neno lisilompendeza analifuta kwa kalamu yake, halafu ananirudishia karatasi kama mwalimu. Kwa hiyo huku kwetu ni kheri tupu.

Sasa neno lenyewe. Ile picha uliyotuma, ya mashine mpya ya kutafutia vyuma unayotaka kumnunulia baba yako, nimeiona. Nimeigeuza juu chini, chini juu. Mwanangu, hiyo ni mashine? Mimi naona mwiko uliotiwa kioo.

Baba yako anayo mashine yake. Tangu aliporudishwa nyumbani kutoka karakana ya matangi, baada ya kugonga nyundo maisha yake yote, hiyo ndiyo starehe yake. Hanywi, hachezi bao, hakai vijiweni kusema watu. Anavuka barabara, anaingia uwanja wa soko la zamani, anapitisha ile sahani ya mashine juu ya ardhi taratibu, na ikikuta kitu inalia. Inalia kama bata aliyekanyagwa, sikatai, lakini ni kilio cha kweli, mtaa mzima unakisikia na ndiyo maana wanamwita Sumaku. Hiyo yako eti inasema kwa namba. Namba! Mtu ameinama juani anatafuta hazina, wewe unamletea mtihani wa hesabu.

Na siku hizi mimi nafuatana naye. Kizunguzungu changu kimezidi kidogo, nikibaki nyumbani peke yangu naogopa kuanguka, basi nakwenda naye kupunga upepo. Usijali.

Usinunue. Nasema tena, usinunue.

Mimi mama yako, ninayekuombea kila nikiinuka.


20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mke mwenzako jana amemng'ata mwenye nyumba wetu, na mimi nimemkemea kwa mdomo tu, moyoni nimempigia makofi. Kazini hatupumui. Lifti ya jengo moja la ofisi imekwama mara nne, na kila ikikwama wakubwa wa humo wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyewanenepesha.

Mama, kizunguzungu hicho ni cha lini? Na mtu mwenye kizunguzungu anakwendaje kupunga upepo kwenye uwanja usio na kivuli? Nenda hospitali. Sitanii.

Tukija kwenye mashine, naomba unisamehe, lakini ile ya Baba ni ya enzi zile redio ilikuwa fanicha. Ina kitufe kimoja cha kuzungusha na akili nusu. Msumari, inalia. Kizibo cha soda, inalia. Karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, inalia mpaka inakauka koo. Mashine isiyojua kuchagua ni sawa na mbwa anayembwekea mwenye nyumba. Na uzito wake! Ukimaliza asubuhi nayo, mkono unakuwa mrefu kuliko mguu. Betri za tochi, kama tunakwenda kutafuta mbuzi aliyepotea.

Hii mpya ni nyepesi kama mwavuli. Haiogopi mvua. Unaichaji kwa waya kama simu. Na hizo namba unazozicheka zina maana: vyuma vya hovyo viko chini, shaba iko juu, fedha iko juu kabisa. Unajua kilichopo kabla hujainama. Huchimbi vizibo vya chupa kama mjinga. Hata mpini wenyewe unatikisika mkononi ikipata kitu.

Jambo moja lingine. Nilipiga simu Jumapili nikaongea na Baba. Nikamwuliza, "Paa linaendeleaje?" Akanijibu, "Naye anakusalimu sana." Nani, Mama? Paa?

Mwanao.


Nyumbani
11 Machi

Mwanangu,

Salamu zimefika, na hiyo habari ya mwenye nyumba nimeisoma kwa sauti, tumecheka mpaka mama yako mdogo akaacha cherehani akaja kuuliza kuna nini. Mbusu mke mwenzangu kwenye paji la uso, usimkaribie mdomo. Huku mvua imenyesha mara moja kwa kutuonea huruma, halafu ikaondoka na huruma yake.

Simu yetu imeingia mchanga. Ndiyo sababu.

Baba yako ameisoma barua yako mara mbili, akacheka kwa pua. Amenikalisha hapa mezani niandike majibu yake. Haya, shika.

La kwanza, anasema mashine yake haijui kuchagua kwa sababu kuchagua si kazi yake, ni kazi ya mwenye mashine. Msumari unalia kwa kukatika katika, kama mtu mwenye kwikwi. Sarafu inalia mviringo. Anasema mtu aliyezoea hahitaji kusomewa.

La pili, anauliza, pete nyembamba ya dhahabu na hiyo karatasi ya sigara zinasoma namba gani kwenye hiyo mashine ya kisomi? Anasema ameuliza mtu mwenye nayo, akaambiwa zinalingana. Basi mjanja wako ataacha pete ardhini kwa kiburi, aseme ni takataka, na mjinga wa kizibo cha chupa ataichimba. Anasema umjibu hilo kwanza ndipo muongee.

La tatu anasema wewe ni fundi wa lifti, kazi yako kuwapandisha wavivu ghorofani, huwezi kujua raha ya kuinama.

Mwisho wa maneno yake. Sasa ni mimi. Juzi amepata ufunguo mwingine. Unaujua ule ukuta wa sebuleni, umejaa funguo za uwanja ule, zimetundikwa kwenye misumari, ndogo kwa kubwa, na hakuna hata mlango mmoja. Wageni wanafikiri tunakaa na mwizi. Lakini huu wa juzi ulikuwa na kichwa kama ua, ameusugua kwa majivu jioni nzima, uso wake ulikuwa wa kijana. Unaona? Na ni ile ile mashine ya bata.

Kizunguzungu usikitie maanani. Kinanijia tukivuka barabara tu, tukifika uwanjani kinatulia. Hiyo barabara siku hizi imekuwa kituko, malori ya kokoto yanapita kama yanafukuzwa.

Kwa hiyo yaache mambo yalivyo. Kizee chombo, lakini kimezoea maji ya nyumbani.

Mama yako.


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wazima sote. Sitaandika mengi maana nimekasirika, na nikikasirika mwandiko wangu unakuwa kama wa daktari.

Mama mdogo amenitumia ujumbe wa sauti. Nusu yake ni kicheko. Nusu nyingine anasema hivi, nanukuu: "Mwanangu, huku tuna sinema ya bure. Mama yako anamfunga baba yako kamba kiunoni, anamvusha barabara, anamtembeza uwanjani kama mbuzi wa mnada. Watu wanakaa vibarazani kusubiri wapite."

Kamba, Mama? Baba yangu, aliyejenga matangi ya maji ya nusu ya mji, anatembezwa kwa kamba? Na wewe unaniandikia habari za upepo?

Najua utasema ni kwa ajili ya kizunguzungu chako, unamshikilia usianguke. Basi shika mkono kama watu. Au kaa nyumbani upumzike, uniachie mzee wangu heshima yake.

Kuhusu swali lake la pete na karatasi ya sigara: ni kweli, zinakaribiana. Mwambie amenipata hapo. Lakini hapo tu.

Mashine imeshaondoka huku. Itafika kabla ya mwisho wa mwezi. Nimelipia kila kitu, kuirudisha haiwezekani. Ni nyepesi, ataibeba mwenyewe, sasa hana sababu ya kutembea na mtu.

Mwanao.


Nyumbani
9 Mei

Mwanangu,

Barua hii haikupitia kwa askari wa geti. Nimempa mama yako mdogo aipeleke posta, na nimemwapisha kwa cherehani yake asiifungue. Ukikuta imefunguliwa, unajua wa kumlaumu. Na majibu yake yapitishe kwake.

Natumaini ninyi wazima. Sisi huku, mimi mzima. Baba yako mzima pia, kwa neema tu, na ndilo ninalotaka kukuambia.

Baba yako hasikii, mwanangu.

Sisemi hasikii vizuri. Hasikii. Zile nyundo za matangi zilimla masikio kidogo kidogo, yeye akiwa ndani ya tangi anagonga na wenzake nje wanagonga. Mwaka juzi alikuwa anakamata maneno mawili matatu. Sasa anatazama mdomo na kubahatisha. Ndiyo maana ulimwuliza paa akakujibu salamu. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio, tukatoka, nikamwuliza kasemaje, akasema, "Daktari naye ananung'unika." Kwake dunia nzima inanung'unika siku hizi. Kijifaa cha kutia sikioni alipewa akakijaribu, akakirudisha mezani, akasema hawezi kutembea na mdudu kichwani. Alikuwa anawacheka wazee wa karakana waliokuwa wakijibu habari za jana ukiwauliza za leo. Sasa ni zamu yake, na hataki kuiona.

Kizunguzungu sina. Sijawahi kuwa nacho. Nilikitunga mimi, ili nipate kutoka naye bila kumwambia kwa nini. Kamba ile ni ya kufungia mizigo, ncha moja mkandani mwake, nyingine mkononi kwangu. Yeye anasema ananishikilia mimi nisianguke. Mashine ikilia, navuta mara moja, anasimama, anachimba. Lori likija, navuta mara mbili, anasimama, linapita. Hatujawahi kulizungumza hilo. Siku ya kwanza nilivuta, akageuka akanitazama, akainama akachimba. Tangu hapo ni hivyo. Wacha wacheke vibarazani. Mbuzi wa mnada anauzwa, wangu mimi narudi naye nyumbani.

Sasa umeelewa kwa nini sikuitaka mashine yako? Sikuwahi kusema ni mbaya. Ni nzuri mno. Ina macho, haihitaji masikio. Siku ileile ilipofika ameifungua kama mtoto, amekaa na kitabu cha maelekezo mpaka chakula kikapoa, kesho yake akavaa kofia. Nikachukua kamba. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kupiga kelele, "Wewe kaa. Kizunguzungu chako kitulie nyumbani. Mimi sasa naona kwenye kioo." Ningesema nini? Uongo wangu mwenyewe ulinifungia mlango.

Kabla ya adhuhuri dereva wa lori la kokoto yuko getini kwangu, kijana mkubwa, amevua kofia. Anasema, "Mama, yule mzee mwenye mwiko ni wako?" Nikajua. Anasema, "Nimepiga honi toka kule kona. Nimepiga mpaka nimechoka. Yuko katikati ya barabara anatazama kioo chake. Nimesimamisha lori ubavuni pake hivi, naweza kumgusa bega. Akageuka, Mama, akaniona, akanipungia mkono. Akaniambia, salama, habari za nyumbani?"

Halafu kijana wa watu akakaa kwenye ngazi yangu akalia.

Baba yako alirudi jioni na bakuli la sarafu za zamani. Ameniambia hajawahi kupata siku nzuri kama hiyo. Anazipanga, anasema mashine ya mwanangu haina mfano.

Nimeuchukua ule waya wa kuchajia. Sikuambii nimeuficha wapi.

Mama yako.


25 Mei

Mama yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya lifti, ndani ya shimo lake, gizani, kwa tochi. Niliposhuka wenzangu waliniuliza kama nimepigwa shoti.

Kwanza nisamehe kwa ile ya mwezi wa nne. Mama mdogo nimempigia. Nilitaka kumfokea, akaniwahi yeye: "Unanifokea mimi niliyecheka, au ujifokee wewe uliyeleta hiyo mashine?" Ana ulimi kama sindano ya cherehani yake.

Mimi nilidhani namnunulia Baba macho. Kumbe nimemnunulia njia ya kwenda peke yake. Nami nilijiona fundi, nikakuandikia habari za shaba na fedha!

Lakini, Mama, waya si suluhisho. Unamficha Baba waya? Mtu aliyekaa ndani ya tangi na nyundo atashindwa kutafuta waya? Mwambie ukweli usoni. Mwambie, wewe husikii, huvuki barabara peke yako, basi. Mpige marufuku. Au akubali kile kifaa cha sikio, nitagharamia mimi.

Mwanao, ambaye safari hii hana maringo.


Nyumbani
30 Juni

Mwanangu,

Hatujambo, kwa namna fulani. Mke mwenzangu naona kwenye picha ameanza kusimama kwa kushika kiti. Mwambieni kushika si aibu, wapo wakubwa wasiojua hilo.

Mpige marufuku, unaniambia. Marufuku! Umekaa mbali mpaka umesahau baba yako ni nani. Ule mwaka mwenye karakana alipompiga marufuku kuimba ndani ya tangi, aliimba mpaka akastaafu, na kila mtu alijua wimbo ni kuhusu nani. Ninyi wa mbali mna dawa rahisi sana. Mnaziandika, mnazitia bahasha, sisi wa huku ndio tunaozinywa.

Sasa sikiliza ujinga wangu, maana ukiucheka wewe nitaona nafuu.

Ule waya nilijua ndani hauwezi kukaa. Angepindua magodoro. Nikawaza, ni wapi asipogusa? Tuta langu la vitunguu nyuma ya jiko. Tuta hilo ni langu, hakanyagi. Nikauvika mfuko wa nailoni, nikaufukia.

Mwanangu, ni nani duniani anayemficha Sumaku kitu kwa kukifukia ardhini?

Mashine ilikuwa imebakiza chaji kidogo. Nilimwomba asivuke barabara wiki ile, nikasema nina homa, tena uongo mwingine, nikimaliza uongo wangu wote sijui nitakula nini. Basi akasema ataizungusha hapa hapa uani ajifunze namba. Mimi niko jikoni nakata mboga. Nasikia inaimba. Inaimba upande wa vitunguu. Kisu kikaniponyoka.

Aliingia na waya mkononi, umejaa udongo na kitunguu kimoja kimening'inia. Akauweka juu ya meza, taratibu. Akasema, "Namba yake ilikuwa nzuri sana. Nikadhani fedha."

Nikakitoa kile kitunguu kwenye waya.

"Kizunguzungu chako siku hizi kinapanda waya?"

Hapo likanitoka. Sijui lilikuwa limekaa wapi. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili ili anione mdomo, nikasema, "Unataka nikuzike? Lile lori lilikupigia honi toka kona, wewe unasema habari za nyumbani! Husikii! Husikii lori, husikii mlango, hunisikii mimi!"

Akasema, "Usinipigie kelele."

Nikamwambia, "Basi leo umenisikia."

Akanitoa mikono usoni pake. Akatoka. Mashine mpya akaitundika ukutani kwenye funguo, na ile ya zamani akaitundika pembeni yake, akakaa barazani. Na yuko hapo mpaka leo. Hatafuti chochote, hasugui chochote. Mama yako mdogo alimrushia utani toka kwake, "Sumaku imeishiwa nguvu?" Hakugeuka. Hata mama yako mdogo kaona haya, akaleta uji.

Nilikuwa naogopa lori litaniulia mume. Sasa naogopa kiti. Nikikiona kile kiti cha barazani kinammeza polepole hivi, nasema afadhali hata barabara, halafu nashika mdomo wangu.

Barua zangu hazisomi tena. Hii nimeiacha mezani tangu jana, wazi, hakuigusa. Nitaipeleka mwenyewe posta.

Mama yako.


14 Julai

Mama,

Shikamoo. Kuhusu kitunguu kilichoning'inia, nimecheka, kisha nikafunga mlango wa chooni nikakaa humo kidogo.

Sina dawa ya bahasha leo. Nina jambo moja tu, nalo ni la kazini. Nikikabidhi lifti mpya, wenye jengo wanataka kujua mwendo wake, taa zake, kioo chake, kama inaongea. Mimi siangalii hayo. Mimi kitu cha kwanza ninachopima ni breki. Lifti isiyo na mwendo ni usumbufu. Lifti isiyo na breki ni kaburi lenye vitufe vya kubonyeza. Hilo nalijua tangu nilipoanza kazi, na bado nikamtumia baba yangu mwendo mtupu, na breki aliyokuwa nayo, kamba na mkono wako, nikaionea aibu kwa sababu watu wa vibarazani walicheka.

Hiyo mashine ya bata niliidharau. Lakini ilikuwa inahitaji watu wawili, na nyinyi ndio mlikuwa wawili hao. Ilikuwa mashine kamili.

Barua hii usiifiche, Mama. Iache mezani.

Mwanao.


Nyumbani
2 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Nianze na salamu maana nikianza na habari nitasahau adabu. Mko wazima? Mke mwenzangu anatembea? Mkeo hajambo? Haya.

Barua yako niliiacha mezani kama ulivyosema, nikaibana na kikombe. Siku ya kwanza ipo. Siku ya pili ipo, kikombe kimesogea. Niliendelea na vitunguu vyangu, vile alivyoviacha hai.

Jumamosi asubuhi natandika kitanda, nasikia anakokota kitu sebuleni. Nikatoka. Amevaa kofia. Mashine mpya mkononi, imechajiwa, namba zinawaka. Na kiunoni, mwanangu, amejifunga kamba. Ile ile. Fundo lake mwenyewe, lile la kufungia matangi kwenye lori, ambalo mimi sijawahi kuliweza, langu lilikuwa linafunguka kila mara na yeye anajifanya haoni. Akainyoosha ncha ya pili, akanipa.

Akasema kwa ile sauti yake ya kuamsha mtaa, "Mashine ya mwanao ina kila kitu ila breki. Amekiri mwenyewe. Shika."

Nikamwuliza, nikiwa nimemgeukia vizuri, "Na kizunguzungu changu?"

Akasema, "Kizunguzungu chako tangu mwanzo hakikuwa na akili. Twende."

Tumetoka. Mama yako mdogo barazani akaiacha nguo ndani ya cherehani, akapaza, "Jamani njooni, leo mbuzi kajifunga mwenyewe!"

Baba yako akaniuliza, "Anasemaje huyo?"

Nikamwambia, "Anakusalimu."

Akasema, "Mwongo. Nimemsoma mdomo." Halafu akamgeukia mama yako mdogo, akalia kama mbuzi, mee, kwa sauti ile, mpaka kuku wakakimbia. Mama yako mdogo hana la kujibu tangu Jumamosi, na mtaa umepumzika.

Barabarani lilikuja lori. Nikavuta mara mbili. Akasimama, macho hayatoki kwenye kioo chake, lakini miguu imesimama kama nguzo. Dereva ni yule kijana. Alipunguza mwendo, akatutazama, akatazama kamba, akavua kofia. Linapita, vumbi lote letu.

Uwanjani mimi sasa sina kazi ya kuvuta mara moja. Kioo kinamwambia. Nikadhani nitajisikia wa bure. Lakini kila akichimba ananyoosha kitu juu bila kugeuka, mimi nakipokea nakifuta kwa kanga, namwambia kwa mdomo ni nini. Sarafu. Kizibo. Ndiyo, kizibo, mwanangu, mashine yako ya kisomi imemchimbisha vizibo kama mjinga yeyote, namba za juu kabisa, na ameniagiza nikuandikie hilo kwa herufi kubwa: VIZIBO. Anasema bata asingefanya makosa hayo, bata angekuwa na kwikwi. Atakuwa anakwenda na bata Jumapili na mwiko Jumamosi, mpaka ajue nani mwongo zaidi.

Na amepata ufunguo. Mwingine. Umetundikwa.

Kile kifaa cha sikio bado hataki kukisikia, na hilo ni kweli pande zote. Tutaona. Nimejifunza kuvuta kidogo kidogo.

Usitutumie kitu kingine, mwanangu, nakuomba. Ukiwashwa sana mkono, tuma kamba. Nzuri, ndefu. Hii imeanza kulika pale anapojifungia.

Askari wa geti amerudi kazini, barua hii ameisoma yote. Nilisimama mlangoni namtazama. Alipofika pale kwenye habari za sikio, akatoa kalamu mfukoni. Akaishika muda mrefu. Kisha akairudisha mfukoni, akaikunja karatasi, akanyoosha mkono apewe bahasha.

Hakufuta hata neno.

Mimi mama yako.